Kabla hujamruhusu fundi akate dari la ukumbi wako

Watu wa Dar hucheka wakisikia Mbeya tunafunga viyoyozi. Waje Oktoba mchana, wakae kwenye ukumbi wa bati wenye watu mia nne, ndipo wacheke. Mtu aliyekaa tu hutoa joto la wati 100 hivi. Mia nne ni kilowati 40, na hapo hujagusa taa, spika wala mahotpoti ya pilau. Basi kama umeamua kuweka mashine ya pakeji, ile inayokaa nzima nje na kuleta hewa ndani kwa dakti, yaani mifereji ya hewa ya bati, nisikilize kwanza.

Umeme wa fezi tatu uombe mapema. Paa litobolewe kiangazi, usingoje mvua za Novemba. Zege la kukalia mashine lipimwe kwa pima maji, na pale mashine inapoungana na dakti kiwekwe kipande cha turubai, la sivyo muungurumo utasafiri na bati mpaka jukwaani.

Fundi akitoka pwani, muulize amehesabuje mwinuko. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Feni itasukuma ujazo uleule, ila ubaridi unaobebwa utapungua. Akikutazama tu kama hajaelewa swali, mpe nauli arudi.

Sasa hewa ya kurudi. Hapa ndipo nilipolia.

Mashine haitengenezi hewa. Inavuta ya ukumbini, inaipoza, inairudisha. Kwa hiyo dakti ni za aina mbili: za kuleta na za kurudisha. Fundi wangu zile za kuleta alizifunga vizuri, bati linang'aa, grili za kutolea hewa zimenyooka. Alipofika kwenye za kurudisha akaniambia, "Mama, darini kuna nafasi kubwa, tuvute hewa humo humo. Bati la nini?" Akakata tundu moja kwenye jipsamu, akaweka grili, na mdomo wa mashine akauacha wazi juu ya dari. Bei ikashuka. Mimi nikamshukuru.

Darini kwetu kuna popo. Wamo kwenye kenchi tangu ukumbi ujengwe, na kinyesi chao kimelala juu ya jipsamu kama majani ya chai. Sendofu ya kwanza, saa ya keki, harufu ikaanza kushuka kutoka kwenye grili zote kwa pamoja. Kisha vumbi jeusi likatua kwenye vitambaa vyeupe vya meza kuu. Shangazi wa bibi harusi akaja kuninong'oneza, "Mama, humu mmefuga nini?" Nusu ya pesa niliirudisha usiku uleule.

Na si harufu tu. Mchana dari lililo chini ya bati ni tanuri, kwa hiyo mashine ilikuwa inavuta joto la paa na kulipoza, na bili nalipa mimi. Kurekebisha kulimaanisha kukata upya dari lililokwisha kupakwa rangi, na kusafisha uchafu wote. Vaa barakoa na uloweshe kwanza, maana vumbi la popo linaweza kubeba fangasi wa kudhuru mapafu. Kwa hiyo dai dakti ya kurudisha, ya bati, imefungwa kila upande mpaka kwenye mashine. Isipoandikwa kwenye mkataba, usisaini.

Maungio yapakwe gundi nzito kwa brashi. Utepe peke yake hubanduka. Nje ya dakti ivikwe sufi ya kioo yenye karatasi ya alumini, hasa inapopita darini, la sivyo itatoa jasho na jipsamu litavimba. Bomba la kutoa maji ya mashine liwe na kiwiko cha U chenye maji ndani, kwa sababu feni huyavuta maji yasitoke. Baada ya miezi ya baridi kiwiko hukauka. Mwagia maji kabla ya kuwasha.

Kabla dari halijafungwa, washa feni, pita na kijiti cha udi kwenye kila ungio. Moshi ukiyumba, hapo panavuja. Weka tishu kwenye grili ya kurudi, ing'ang'anie yenyewe. Acha na mlango mdogo wa kuingiza tochi.

Filta zifue mara kwa mara Agosti na Septemba, vumbi la upepo wetu unalijua. Funga ngazi ya paa kwa kufuli. Na wapambaji wakija na vitambaa vyao na balbu, simama nao wewe mwenyewe: wangu mmoja nilimkuta ameshatoboa dakti misumari mitatu, anatafuta pa kuning'iniza maua.