RAM ya ECC: lini ulipie, lini uache

Kompyuta ya kuchapia barua haihitaji ECC, yaani RAM inayogundua na kusahihisha makosa ya data iliyomo. Seva inayotunza vipimo vya mizani ya samaki pale mwalo wa Kirumba inaihitaji: biti moja (0 au 1 ya kumbukumbu) ikigeuka, kilo 40 husomeka 168, na mahesabu ya siku yanaharibika kimyakimya.

Gharama yake ni biti 8 za ukaguzi kwa kila biti 64 za data, yaani asilimia 12.5. Ndiyo maana kijiti cha ECC cha DDR4 (kizazi cha RAM kabla ya DDR5) mara nyingi huwa na chipu 9 mahali pa 8. Kosa la biti moja husahihishwa, la biti mbili hugunduliwa tu. Zaidi ya hapo usiitegemee.

Kabla ya kununua, hakikisha prosesa na mazabodi zote mbili zinaikubali. Usichanganye RDIMM (vijiti vyenye rejista, vya seva) na UDIMM (visivyo na rejista), mashine haitawaka. Muuzaji akikwambia kila DDR5 ina ECC, mkatalie: ile ya ndani ya chipu hailindi data ikiwa njiani kwenda kwenye prosesa.

Ukishafunga, andika kwenye Linux: sudo dmidecode -t memory. Kwa DDR4, Total Width (upana wote kwa biti) iwe 72 na Data Width (upana wa data) 64. Zikiwa 64 zote, umeuziwa ya kawaida. Kisha kila wiki tazama hesabu ya makosa kwa programu ya edac-util. Ikipanda kwenye kijiti kilekile, zima mashine, chomoa, futa vumbi, hamishia tundu jingine. Kosa likikifuata kijiti, kibadilishe; likibaki kwenye tundu, shuku mazabodi.