Anza na deuteroni: hesabu ya kiini kwa kyubiti mbili

Anayetaka kuiga mtawanyo wa viini (vinavyogongana na kutawanyika) kwa kompyuta ya kwanta, namsihi aanze na deuteroni, yaani protoni moja na neutroni moja zilizoshikana. Mwaka 2018 watafiti wa Oak Ridge, Tennessee, waliikokotoa kwa mashine za kwanta za kampuni za IBM na Rigetti, na hesabu yao ndogo kabisa inaenea kwenye kyubiti (biti za kwanta) mbili.

Hatua ya 1. Andika Hamiltoniani, yaani fomula ya nishati ya jozi hiyo, kwa MeV (kipimo cha nishati ya viini); X, Y na Z ni vipimo vya kyubiti, na namba iliyo kando ni ya kyubiti yenyewe:

H = 5.906709 + 0.218291 Z0 − 6.125 Z1 − 2.143304 (X0X1 + Y0Y1)

Kila kyubiti ni hali moja ya mtetemo: ikisoma 1, jozi imo humo, ikisoma 0, haimo.

Hatua ya 2. Jenga sakiti, yaani mfululizo wa mageti (matendo juu ya kyubiti): geti la X, linalogeuza 0 kuwa 1, kwenye kyubiti 0, Ry(θ), linalozungusha kwa pembe θ, kwenye kyubiti 1, kisha CNOT, linalogeuza kyubiti moja pale nyingine inaposoma 1, kyubiti 1 ikiongoza na 0 ikifuata.

Hatua ya 3, na hii usiiruke. Kwenye kiigizi (programu inayoiga mashine ya kwanta kwenye kompyuta ya kawaida), weka θ = 0 ukokotoe nishati. Sharti upate −0.4366. Ukipata 12.25, umegeuza kyubiti: Qiskit, programu ya IBM ya kuandikia sakiti, huandika kyubiti 0 upande wa kulia, na sisi tumezoea kuhesabu toka kushoto. Kosa hili lilinila jioni mbili nzima nikitafuta hitilafu kwenye mageti, nayo mageti yalikuwa sawa.

Hatua ya 4. Pima kwa namna tatu. Z hupimwa moja kwa moja. Kwa X tanguliza geti la Hadamard kwenye kila kyubiti. Kwa Y tanguliza kinyume cha geti la S, halafu Hadamard. Rudia kila namna mara elfu kadhaa, uchukue wastani.

Hatua ya 5. Zungusha θ. Karibu na 0.594 nishati hushuka hadi −1.749. Deuteroni halisi ina −2.22, na pengo hilo linatokana na kutumia hali mbili tu. Kwa hali tatu utafika −2.046. Kwenye mashine halisi CNOT ndiyo inayoharibu zaidi. Weka tatu mfululizo mahali pa moja, uone nishati inavyopotoka, kisha vuta mstari kurudi pasipo na kelele (makosa ya mashine).

Hatua ya 6. Mtawanyo ni jambo la wakati, kwa hiyo rudi θ = 0, uiache H ileile ya Hatua ya 1 iendeshe jozi kwa vipande vidogo vya muda. Uwezekano wa kuikuta kwenye hali ya pili utapanda hadi kama 31%, urudi sifuri, kila mzunguko ukichukua sekunde 2.7 × 10⁻²². Kilele kikihama, punguza ukubwa wa vipande. Kikitulia hapo, ongeza kyubiti ya tatu.