Pima ringi kabla hujafunga pistoni
Ukifunga upya injini ya turbo nyumbani, usiziamini ringi (pete za chuma zinazozunguka pistoni) eti kwa sababu ni mpya. Ingiza kila ringi kwenye silinda yake, isukume kwa kichwa cha pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, kisha pima mwanya kati ya ncha zake mbili kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Kwa silinda ya milimita 86, mwanya wa ringi ya juu huangukia karibu na milimita 0.45, ila fuata karatasi ya mtengenezaji wa pistoni. Mwanya ukiwa mdogo, ringi ikipata moto hutanuka, ncha zinagongana na silinda inachunika. Ili kuuongeza, piga ncha tupa kuelekea ndani ya ringi tu, usije ukabandua mipako ya uso wake wa nje. Mimi hupitisha ukucha kwenye ncha: ukikwama, bado kuna kimeno cha kusawazisha.