Namna ya kulifasiri neno "bunkum"

Mfasiri akikutana na neno la Kiingereza "bunkum" hukimbilia "upuuzi", na hapo ndipo anapokosea. Upuuzi ni neno pana mno. "Bunkum" ni maneno matupu yanayosemwa makusudi ili msemaji aonekane kasema, na asili yake ndiyo inayoonesha hivyo.

Mwaka 1820 Baraza la Wawakilishi la Marekani (msomaji wa Unguja na Pemba mwandikie "la Marekani" kila mara, asije akadhani ni la Zanzibar, lililoko Chukwani) lilikuwa likijadili kuiingiza Missouri katika muungano, na kilichowagawa wajumbe ni utumwa. Mjadala umerefuka, watu wanataka kura. Akasimama Felix Walker wa North Carolina. Wenzake walimsihi akae; akawajibu kuwa anasema kwa ajili ya Buncombe, kaunti iliyokuwa katika jimbo lake. Hotuba ile ilikusudiwa wapigakura wa kwao, si waliokuwamo ukumbini. Jina la kaunti likawa neno, na tahajia ikafuata matamshi.

Basi kabla ya kuchagua, tazama nani anasema na anamsemea nani. Mwanasiasa jukwaani: "maneno matupu" ndiyo yanayokaa vizuri zaidi. "Porojo" ina upole wa barazani, kahawa mkononi, hakuna anayemlaghai mwenzake. "Bunkum" ina hila ndani yake. "Kubwabwaja" ni kwa asiyejua asemalo, na Walker alijua sana. "Kupayapaya" liache kabisa, hilo ni la mwenye homa. Kama kinachopingwa ni dai la uongo, mathalani dawa isiyotibu, andika "uzushi".

Ukishaandika sentensi, msomee mtu asiyeiona ile ya Kiingereza, kisha muulize: msemaji alitaka nini? Akijibu kuwa walikuwa wakipiga soga, badilisha neno.

Jihadhari na ufupisho wake, "bunk". Kwenye meli "bunk" ni kitanda, na maneno hayo mawili hayana asili moja. Muktadha ndio utakaokuongoza. Kutokana na "bunk" ya maneno matupu, mwaka 1923 mwandishi William Woodward aliunda kitenzi "debunk". Wengi hulitafsiri "kuumbua", lakini kuumbua humwangukia mtu na kumtia aibu, ilhali kitenzi hiki huliangukia dai. "Kubainisha uongo wa" ni refu, lakini ni sahihi.