Bibliometria ya usimamizi wa maarifa: Scopus, VOSviewer na kazi ya kusafisha maneno

Nimetoka kumsaidia dada mmoja wa masta ya ukutubi, na kwa kuwa maswali huwa yale yale nikaona niyaandike kabisa. Bibliometria ni kuchunguza machapisho kwa kuhesabu; hapa tunataka kujua nani ananukuliwa sana kwenye usimamizi wa maarifa (knowledge management, namna taasisi zinavyotunza na kutumia maarifa ya watu wake) na mada zipi zinatembea pamoja.

1. Kutafuta
Ingia Scopus, hifadhidata ya makala za kitaaluma na manukuu yake, kupitia chuo. Wengi wanaandika TITLE-ABS-KEY("knowledge management"), yaani kichwa, muhtasari na maneno muhimu, wanafurahi kupata makala kibao, kumbe nyingine zimeingia kwa maneno ya waorodheshaji wa hifadhidata, wanayabandika hata kwenye makala za kompyuta ambazo mwandishi wake hata hakuwaza habari hizo. Mimi natumia TITLE("knowledge management") OR AUTHKEY("knowledge management"), yaani kichwa au maneno muhimu aliyoyaweka mwandishi mwenyewe. Zitapungua, ila ni zako kweli. Andika na tarehe uliyotafuta.

2. Kudaunlodi
Shusha matokeo kama faili la CSV, tiki kila kitu, hasa References (marejeo). Web of Science, hifadhidata nyingine ya aina hiyo, inatoa rekodi 500 tu kwa mkupuo ukitaka na marejeo, kwa hiyo utashusha vipande vipande. Na kama ndo mara ya kwanza usizichanganye hizo mbili, utalia na makala zilizojirudia.

3. Kusafisha maneno
Hapa ndo kazi ilipo. VOSviewer, programu ya bure ya kuchora ramani ambapo kila neno ni duara, ya van Eck na Waltman wa Leiden, inahesabu "SME", "SMEs" na "small and medium enterprises" kama vitu vitatu, na "knowledge sharing" na "knowledge-sharing" kama viwili. Dawa yake ni faili inaloliita thesaurus: safu mbili, mstari wa kwanza unaandika label upande wa kushoto na replace by kulia, chini yake neno lilivyo na unavyotaka lisomeke. Ukiacha kulia patupu neno linaondolewa, na hivyo ndo unavyolitoa "knowledge management" lenyewe, maana liko karibu kila makala na duara lake litameza ramani nzima bila kukwambia chochote.

Sasa angalieni, ukiliandika kwenye Excel lihifadhi kama Text (Tab delimited), CSV haitasomeka vizuri. Nafasi iliyobaki mwisho wa neno nayo inasumbua na huioni kwa macho. Halafu msiunganishe "knowledge sharing" na "knowledge transfer" eti zinafanana, wenye fani yao wanazitenganisha na supavaiza atakuuliza. Marejeo nayo yasafishe kwa thesaurus, kwa sababu makala ya Nonaka ya 1994 kwenye Organization Science inaandikwa kwa mitindo tofauti, usipoiunganisha idadi yake inagawanyika.

4. Ramani
Kwenye VOSviewer chagua co-occurrence (maneno yanayotokea pamoja), author keywords, siyo all keywords. Kiwango cha chini cha mara neno linavyotokea kinakuja 5, data ikiwa nyingi pandisha hadi ramani isomeke. Rangi ni klasta, yaani kundi la maneno yanayotembea pamoja, jina la klasta unalitoa wewe baada ya kusoma makala zake, programu haikupi.

5. Majedwali
Ukuaji kwa mwaka na majarida yanayoongoza fanyia R, programu ya takwimu: install.packages("bibliometrix"), library(bibliometrix), kisha biblioshiny(). Usihesabu kwa mkono jamani.

6. Co-citation
Hii ni ramani ya kazi zinazonukuliwa pamoja; kwenye VOSviewer chagua cited references. Makala zinazonukuliwa sana kwenye fani hii, Nonaka 1994, Grant 1996, Alavi na Leidner 2001, zisipoonekana kabisa, rudi hatua ya 2 uangalie kama marejeo yalishuka.