Somo: Kuhamisha AC ya gari la zamani kutoka R12 kwenda R134a

Somo hili ni kwa wenye Land Cruiser, Hilux, Patrol na Land Rover zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1993 hivi, ambazo bado zinapiga kazi kati ya Mtwara, Newala na Masasi. Nyingi zilitoka kiwandani na gesi ya R12. Gesi hiyo ina klorini inayokula tabaka la ozoni, ndiyo maana Itifaki ya Montreal ya 1987 iliiondoa: nchi tajiri ziliacha kuitengeneza mwishoni mwa 1995, nchi kama yetu zikapewa hadi 2010. Ukiambiwa leo kuna mtungi mpya wa R12 dukani, uwe na shaka na kilichomo.

Watu wanaiona kazi hii kuwa ya kubadilisha gesi. Kwangu mimi ni kazi ya mafuta na unyevu. Gesi ndiyo sehemu nyepesi. R12 husafiri pamoja na mafuta ya madini yanayolainisha kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. R134a, gesi iliyochukua nafasi yake, haichanganyiki na mafuta hayo. Ukiijaza juu yake, mafuta yanabaki yamelala kwenye kondensa (rejeta ya AC, inayotoa joto nje) na evapareta (inayopoza hewa ya ndani), hayarudi kwenye kompresa. AC itapoza kwa muda, halafu kompresa inaanza kujisaga yenyewe. Ukiifungua unakuta mafuta yamekuwa meusi, yana unga wa alumini unaong'aa, na mwenye gari ameshaambiwa kuwa gesi mpya ni mbaya. Gesi inasingiziwa.

Hatua ya 1: Kagua kabla hujafungua kitu. Kama AC bado inapoza kidogo, iwashe dakika chache usikilize. Klachi ya kompresa ishike bila kuteleza, kompresa isipige kelele. Kisha tazama kondensa kwa tochi. Magari ya Mikindani na Lindi mjini, chumvi ya bahari inakula mapezi ya alumini mpaka yanabomoka kwa kidole; ya barabara za vumbi yanakuwa yameziba. Yaliyoziba yaoshe kwa maji ya presha ndogo, yaliyooza badilisha kondensa. Usilipuuze hili. Gesi ikiwa na joto la nyuzi 60, presha ya R12 hufikia psi 207 hivi na R134a psi 229 hivi. Kondensa dhaifu na feni mbovu vilivyovumiliwa zamani havitavumiliwa sasa.

Hatua ya 2: Vuta gesi iliyobaki kwa mashine, iingie kwenye mtungi. Usiifungulie hewani. Vaa miwani na glavu, maana gesi inayotoka huunguza ngozi kwa ubaridi. Asivute mtu sigara wala kuchomelea karibu. R12 ikipita kwenye moto hutoa hewa ya sumu.

Hatua ya 3: Toa mafuta ya zamani. Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Shusha kompresa, igeuze, uizungushe kwa mkono mpaka matone yakatike. Kondensa, evapareta na mabomba yasafishwe kwa dawa maalumu ya kusafishia AC. Petroli na dizeli hapana. Kompresa yenyewe usiipitishie dawa, na ekspansheni valvu (inayopunguza presha ya gesi kabla ya evapareta) itoe kwanza. Ukimaliza, kausha kwa naitrojeni kavu. Hewa ya mashine ya kujazia matairi haifai: fungua koki iliyo chini ya tenki lake asubuhi yoyote ya Januari hapa Mtwara uone maji yanavyomwagika. Maji hayo ndiyo unayataka kuyapeleka kwenye mabomba?

Hatua ya 4: Oringi, draya na mafuta mapya. Oringi zote, yaani pete za mpira za kwenye maungio, zibadilishwe, uweke za mpira wa HNBR. Mara nyingi zina rangi ya kijani, ila rangi si ushahidi, uliza aina. Zipake mafuta kabla ya kukaza. Draya (chupa inayonyonya unyevu) ya zamani itupe, chukua yenye dawa ya kukaushia ya XH-7 au XH-9. Mafuta napendekeza ya ester, kwa sababu yanavumilia mabaki machache ya mafuta ya zamani kuliko PAG, mafuta mengine ya R134a. Kiasi ni kile cha kitabu cha gari kwa mfumo mzima, kwa kuwa umeshausafisha wote. Mafuta haya yote mawili hunyonya unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi wakati wa masika. Fungua kopo, mimina, funga papo hapo.

Hatua ya 5: Badilisha midomo ya kujazia. Ya R134a ni ya kubofya, ya presha ndogo milimita 13 na ya presha kubwa milimita 16. Weka swichi ya kukata kompresa presha ikizidi, kama gari halina. Bandika lebo chini ya boneti: aina ya gesi, gramu, aina ya mafuta na tarehe. Fundi wa kesho atakushukuru.

Hatua ya 6: Vakyumu, yaani kunyonya hewa na unyevu kwa pampu. Isipungue dakika 45, mimi naacha saa nzima. Hapa usawa wa bahari geji isome karibu inchi 29 za zebaki. Newala, kule juu, itasoma pungufu kidogo. Funga koki, zima pampu, subiri nusu saa. Mshale ukipanda, ama kuna uvujaji ama maji bado yanachemka ndani. Usijaze gesi mpaka utulie.

Hatua ya 7: Jaza kwa mizani. R134a inatakiwa asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R12. Gari lililokuwa na gramu 900, anza na 720, usivuke 810. Injini ikiwa inazunguka, koki nyekundu ya geji (presha kubwa) ifungwe kabisa, kopo lisimame wima, gesi iingie upande wa bluu (presha ndogo). Ukifungua nyekundu, presha ya kompresa inarudi kwenye kopo na kopo linapasuka mkononi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Kuna fundi huku Lindi anasema R22 inafaa na ni rahisi kupatikana.*

Marahaba. Mkatalie. Hiyo ni ya AC za nyumbani. Kwa nyuzi 60 zilezile inafika psi 337 hivi, na hozi za gari lako hazikutengenezwa kwa hiyo. Akikushauri gesi ya kupikia, ondoka kabisa: evapareta iko ndani ya dashibodi, ikivuja umekaa chumba kimoja na kitu kinacholipuka.

*Kaka, hozi zangu ni za 1989. Lazima zote?*

Si lazima. Chembe za R134a ni ndogo na hupenya mpira wa zamani, lakini hozi iliyokwisha kulowana mafuta ndani mara nyingi huzuia vya kutosha. Yenye nyufa, iliyovimba au yenye mafuta kwenye maungio, badilisha.

*Mkuu, mimi niliongezea R134a juu ya R12 iliyobaki. Barabarani inapoza, ila nikikaa foleni ya maghala ya korosho inatoa hewa ya moto.*

Gesi hizo mbili zikichanganyika presha yake hupanda kuliko ya kila moja peke yake. Ukisimama hakuna upepo wa kuipoza kondensa, kwa hiyo ndipo inapokushinda. Zima AC leo. Vuta yote, anza hatua ya 3. Mwambie anayeivuta kuwa ni mchanganyiko, asiuingize kwenye mtungi wake safi.

*Kwa nini tusiruke moja kwa moja kwenye R1234yf ya magari mapya?*

Inashika moto kidogo, na gari la zamani halikujengwa kwa gesi ya namna hiyo. Bei yake pia ni kubwa. Ila hoja yako ina uzito: R134a haiharibu ozoni, lakini kilo moja inatega joto angani mara 1,430 ya kilo moja ya hewa ukaa, na Marekebisho ya Kigali ya 2016, ya Itifaki ileile ya Montreal, yanapunguza matumizi yake. Ndiyo sababu sikubali kujaza gari linalovuja.

*Fundi, draya mpya niliifungua jana jioni nikaishiwa na mwanga. Imelala wazi usiku kucha. Niifunge leo?*

Hapana, imeshashiba unyevu. Nunua nyingine, na vizibo vyake uvitoe mwisho kabisa, pampu ya vakyumu ikiwa tayari imeunganishwa.