Kupima Stadi ya Kusikiliza kwa Wageni Wanaojifunza Kiswahili: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kusikiliza hutendeka ndani ya kichwa, na mwalimu huona matokeo yake tu: alama ya vyema kwenye karatasi, kichwa kinachotikiswa, jibu la neno moja. Ndiyo maana ni rahisi kudhani tumepima sikio kumbe tumepima kusoma, kumbukumbu au ujuzi wa maisha. Hatua zifuatazo ndizo ninazozitumia hapa Mwanza katika darasa la watu wazima kutoka nje ya nchi, na karibu zote zinalenga kuzuia kosa hilo moja.

Hatua ya 1: Amua unachopima

Andika sentensi moja inayoeleza mwanafunzi aliyefaulu ataweza kufanya nini. Mfumo wa viwango wa Baraza la Ulaya, uliochapishwa mwaka 2001 ukiwa na ngazi sita kuanzia A1 hadi C2, unafaa hata kwa Kiswahili. Katika A1 msikilizaji hutarajiwa kutambua maneno aliyoyazoea yakisemwa polepole na kwa uwazi, na katika B1 hutarajiwa kufuata hoja kuu za mazungumzo ya kawaida kuhusu kazi, shule na mapumziko. Kutambua bei, kushika kiini cha maelezo na kung'amua jambo ambalo msemaji hakulitamka ni stadi tatu tofauti, na kila moja idai swali lake.

Hatua ya 2: Tafuta sauti ya mazungumzo

Usisome kifungu cha kitabu mbele ya darasa ukakiita mtihani wa kusikiliza, kwa kuwa maandishi hayana kusita, kurudia wala kujisahihisha, mambo ambayo humpa msikilizaji nafasi ya kupumua. Wape watu wawili hali ya kuigiza bila kuwaandikia maneno, kisha warekodi kwa simu iliyowekwa karibu na vinywa vyao na mbali na upepo wa ziwani. Dakika moja au mbili zinawatosha wanaoanza.

Unapopima kasi, usihesabu maneno kwa dakika kama wafanyavyo walimu wa Kiingereza. Neno letu moja, "hatutawauzia", lina silabi saba, na kwa Kiingereza lingehitaji maneno sita. Hesabu silabi, la sivyo utaiona rekodi ya kasi kuwa ya polepole.

Hatua ya 3: Tunga maswali kutokana na sauti

Sikiliza rekodi mara moja bila karatasi, kisha andika yaliyobaki akilini. Mwombe mwenzako afanye vivyo hivyo. Mliyoyakumbuka wote wawili ndiyo yanayostahili kuulizwa. Ukitunga kwa kukodolea macho maandishi ya rekodi, utauliza vijambo ambavyo hata mzawa asingevishika. Maswali yafuate mpangilio wa rekodi, na lugha yake iwe nyepesi kuliko ya rekodi yenyewe.

Hiki ni kipande cha mazungumzo ya kuigiza, yaliyowekwa katika soko la samaki la mwaloni Kirumba:

"Shikamoo, mama."
"Marahaba, mwanangu."
"Sado ya dagaa shilingi ngapi leo?"
"Elfu tano. Jana ningekupa kwa elfu nne, lakini usiku wavuvi hawakutoka, mbalamwezi ilikuwa kali."

Swali la bei ni zuri kwa sababu elfu nne nayo imetajwa, hivyo anayedaka namba ya mwisho tu atakosea, ilhali aliyesikia "jana" na "-nge-" atapata. Swali la sababu ya bei kupanda lilinisumbua zaidi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiangaza taa hupoteza nguvu ya kuwavuta. Mwanafunzi aliyewahi kuishi Ukerewe, kisiwa cha ziwani, hahitaji kusikia neno lolote ili ajibu, wakati aliyeshuka kutoka Oslo wiki iliyopita anaweza kusikia kila neno na bado asielewe uhusiano wa mwezi na bei. Swali hilo hilo linapima sikio la mmoja na maisha ya mwingine. Siku hizi nauliza tu: "Kwa mujibu wa mama, nini kilitokea usiku?"

Hatua ya 4: Jaribu maswali bila sauti

Hatua hii hurukwa mara nyingi, nami niliwahi kuiruka nikajuta. Wape watu watatu au wanne karatasi ya maswali pasipo kuwachezea rekodi. Swali ambalo karibu wote wanalipata liondolewe au litungwe upya, kwa sababu jibu linapatikana kwa kukisia. Katika jaribio langu moja niliuliza kwa nini dagaa hawakuanikwa, na kila aliyeiona karatasi aliandika "mvua" bila kusita.

Hatua ya 5: Endesha mtihani

Cheza sekunde chache za rekodi huku ukiwa umekaa kiti cha nyuma kabisa. Kama paa ni la bati na mawingu yanajikusanya, ahirisha. Wape wanafunzi muda wa kusoma maswali kabla ya sauti kuanza, kisha cheza mara mbili kwa ngazi za chini.

Hatua ya 6: Sahihisha ulichokusudia kupima

Tahajia isikatwe alama. Anayeandika "sangala" badala ya "sangara" apewe alama kamili, kwani huenda ameandika alichosikia: wapo wasemaji wengi huku kwetu wanaobadilishana r na l. Lakini "wakatoka" mahali pa "hawakutoka" haipati kitu, kwa kuwa ukanushi umepotea na maana imegeuka. Amua mapema pia kuhusu saa. Mgeni aliyesikia "saa mbili asubuhi" akaandika 2:00 amesikia vizuri, ila hajazoea kuhesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua. Mwambie aandike saa kwa maneno, na uhesabuji huo uupime siku nyingine.

Hatua ya 7: Chunguza majibu

Gawanya idadi ya waliopata kila swali kwa idadi ya waliofanya mtihani. Wakipata 11 kati ya 12, kiwango ni 0.92, yaani swali ni jepesi mno. Wakipata 2, ni 0.17. Kisha linganisha wanne wa juu na wanne wa mwisho. Wa mwisho wakiwashinda wa juu, kagua kwanza mwongozo wako wa usahihishaji kabla ya kuwalaumu wanafunzi. Kwa darasa dogo namba hizo ni dokezo tu, kwa hiyo kaa na mwanafunzi mmoja mmoja, cheza rekodi tena, umuulize: "Hapa ulisikia nini?" Mmoja wao alikuwa ameandika kwamba wavuvi walikwenda mbali. Tulipocheza tena aliniambia alisikia "mbali", halafu neno "mwezi" ambalo hakujua la nini. Hakupata alama, lakini kipindi kilichofuata tulikitumia chote kusikiliza maneno marefu na kutafuta yanapoanzia na yanapoishia.